Fildi ya kilimo Nyanda za Juu Kusini: kata, shamba kubwa, ghala, kituo cha utafiti au duka la pembejeo?

Ikifika Aprili simu yangu huanza kupokea ujumbe wa namna moja: "Shikamoo kaka, naomba nafasi ya fildi hapo kwenu." Fildi ni yale mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi wa kilimo. Wengi wanaoomba ni wanafunzi wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, wengine wa stashahada kutoka chuo cha kilimo cha MATI Uyole, wenye kwao Mbeya, Songwe, Njombe au Iringa. Nikiwauliza kwa nini wamechagua shamba letu, naambiwa lina jina, au shangazi anaishi Mafinga. Shangazi ni sababu nzuri, maana chumba na chakula ndiyo gharama kubwa ya fildi. Ila ni nadra sana mtu kuniambia: nimechagua kwenu kwa sababu mwezi Agosti mnafanya kazi fulani ambayo nataka kuijua.

Hilo huniuma, kwa kuwa miaka miwili baadaye nakutana na vijana haohao kwenye usaili. Shahada wanayo, alama ni nzuri, lakini wiki zao za fildi ziliishia kwenye kupanga mafaili na kusubiri msimamizi wa chuo aje asaini logibuku, daftari la kumbukumbu za fildi. Mimi nilianzia ofisi ya kata wilayani Wanging'ombe, nikakaa kwenye duka la pembejeo Mwanjelwa, na sasa nasimamia shamba la viazi na mahindi Mufindi. Nalinganisha sehemu hizi nikiwa nimezipita au nimefanya nazo kazi kwa karibu.

Kabla ya yote, hili ndilo swali ninalouliza kwenye usaili. Kibandiko cha dawa kinasema lita 1 kwa ekari, ndani ya maji lita 200. Una bomba la mgongoni la lita 15. Utaweka mililita ngapi kwenye kila bomba? Wengi hugawanya haraka na kusema 75. Hesabu ni sahihi kabisa. Aliyewahi kubeba bomba huuliza kwanza: anayepulizia anatumia mabomba mangapi kumaliza ekari? Kibarua anayetembea haraka anaweza kumaliza ekari kwa mabomba 8, yaani lita 120 tu. Ukimpa mililita 75 kila bomba, shamba linapata mililita 600 badala ya lita nzima. Wadudu wanabaki, na mwenye shamba anasema dawa ni feki. Huyo alihitaji mililita 125 kwa bomba. Anayeniuliza swali hilo la pili ndiye ninayemtafuta, na ukiangalia alikofanyia fildi utaelewa amelitoa wapi.

Kalenda inaamua mengi

Fildi nyingi huangukia likizo ndefu, Julai hadi Septemba. Huku kwetu mvua ni moja, huanza Novemba na kumalizika Aprili au Mei. Mahindi hupandwa mwanzo wa mvua na Julai yamekwisha kukauka au yako ndani. Kwa hiyo ukija Julai ukitaka kujifunza upandaji, palizi na mbolea ya kukuzia kwenye mahindi, utakuta mabua. Kiwavijeshi vamizi, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2017 na ambaye kila mwajiri atakuuliza habari zake, utamwona kwenye picha tu.

Kilicho hai miezi hiyo ni kingine. Kuna vinyungu, yale mashamba ya mabondeni ya Iringa na Njombe yanayolimwa kiangazi kwa unyevu wa ardhi na maji ya mifereji. Kuna kahawa ya Mbozi inayochumwa na kukaushwa. Kuna mahindi yanayonunuliwa, kupimwa na kupangwa maghalani. Kuna maziwa, ambayo hayana msimu, na mashamba ya umwagiliaji. Mwanafunzi anayechagua fildi bila kutazama kalenda huishia kusimuliwa kazi ambayo haimo shambani wakati huo.

Ofisi ya kata

Hapa utakaa na afisa ugani, ambaye wakulima bado wanamwita bwana shamba au bibi shamba. Ubora wa fildi hii unategemea mtu mmoja kuliko sehemu nyingine yoyote. Ukimpata anayetoka, utajifunza mambo ambayo hayapo kwenye kitini chochote. Ukimpata aliyekata tamaa, utaandika taarifa zake za mwezi mpaka uondoke.

Mimi nilibahatika. Wiki yangu ya pili, mama mmoja alitupeleka kwenye kinyungu chake cha viazi. Mimea ilikuwa imenyauka wakati udongo bado una maji. Nilianza kueleza jina la kitaalamu la bakteria. Mama akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Sasa baba, kesho asubuhi nifanye nini?" Sikuwa na jibu. Bwana shamba wangu alikata shina karibu na ardhi, akalining'iniza kwenye glasi ya maji safi, akatuambia tusubiri. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka kutoka kwenye shina. Ni mnyauko bakteria, akasema, na hauna dawa ya kupulizia. Ng'oa mimea iliyougua pamoja na viazi vyake, usimpe jirani mbegu kutoka hapa, usirudishe viazi wala nyanya msimu ujao, panda mahindi. Ilichukua muda mfupi kuliko maelezo yangu, na mama alijua la kufanya.

Kuongea na mkulima kwa namna hiyo ni ujuzi ambao kampuni za mbegu, mbolea na dawa zinautafuta sana, maana bidhaa zao zinauzwa mkutanoni chini ya mti. Kijana aliyekaa kata anajua kuamkia "kamwene" kabla ya kufungua daftari, anajua siku ya gulio hakuna mkutano, anajua wanawake ndio wanaopalilia lakini wanaume ndio wanaokaa viti vya mbele.

Upungufu wake nao ni mkubwa. Huwezi kujifunza nidhamu ya kiwanda, viwango vya soko la nje wala hesabu za uzalishaji. Tangu ruzuku ya mbolea ilipoanza msimu wa 2022/23, sehemu ya muda wa maafisa ugani huenda kwenye kuandikisha wakulima na kuhuisha taarifa zao, na mwanafunzi ndiye msaidizi wa kwanza kupewa kazi hiyo. Siyo kazi ya kudharau. Ukiifanya kwa macho wazi utajua ukubwa halisi wa mashamba ya kata nzima. Lakini isikumalizie wiki zako zote.

Jambo jingine la kuuliza mapema ni usafiri. Maafisa ugani walianza kugawiwa pikipiki na Serikali mwaka 2022, pamoja na vifaa vya kupima udongo kwa baadhi ya halmashauri. Uliza kama pikipiki inatembea na mafuta yanatoka wapi. Uliza pia kipimo cha udongo kiko wapi. Udongo wa sehemu nyingi za Njombe na Mbozi una tindikali, na mwanafunzi anayeweza kupima pH na kueleza matumizi ya chokaa anaondoka na kitu cha kuonyesha. Na kwa dada zetu: jua utalala wapi kabla hujasaini barua. Wapo waliopelekwa kata ya mbali wakaambiwa nyumba itapatikana wakifika.

Shamba kubwa au kiwanda

Hapa ndipo wengi wanapotaka, na ndipo wengi wanapochagua vibaya.

Faida ya shamba kubwa ni utaratibu. Saa moja kamili kila mtu yuko kwenye kazi yake. Kila kazi ina daftari: dawa gani, dozi gani, nani alipulizia, tarehe, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Ukizoea hilo kwa miezi miwili, utafanya kazi popote. Parachichi ni mfano mzuri. Makubaliano ya kuuza parachichi zetu China yalitiwa saini Novemba 2022, na masoko ya aina hiyo yanataka kujua kila tunda limetoka shamba gani na limepuliziwa nini. Kwenye vituo vya kufungasha vya Njombe na Rungwe mwanafunzi anaweza kujifunza kupima ukomavu kwa uzito mkavu: unakata vipande vya tunda, unapima gramu 10, unakausha mpaka uzito usipungue tena, unapima upya. Ikibaki gramu 2.3, tunda lina asilimia 23, na Hass, aina ya parachichi, inayovunwa kwa soko la Ulaya inapaswa kufika angalau 21. Ni kazi ya mizani na uvumilivu, lakini anayeijua anaweza kuzuia kontena zima la matunda machanga lisisafiri.

Maziwa ni mfano mwingine. Kiwanda cha Asas kiko Iringa, na ufugaji wa ng'ombe wa maziwa umeshika mizizi Rungwe na Njombe. Kwenye kituo cha kukusanyia maziwa utapima maziwa kila asubuhi kwa laktometa, kuona kama yameongezwa maji, na kwa alkoholi, kuona kama yameanza kuharibika, utamkatalia mzee maziwa yake mbele ya majirani na kumweleza sababu bila kumvunjia heshima. Sijui somo la darasani linalofundisha hilo. Kwa wanaotaka kuku, kampuni ya Silverlands wako Iringa na wanazalisha vifaranga na chakula cha kuku.

Chai nayo ina jina kubwa Mufindi, na hapa nirudi kwenye kalenda. Miezi ya kiangazi mavuno ya chai hupungua. Utaona kupogoa na umwagiliaji, ambavyo ni muhimu, lakini kiwanda hakitakuwa kwenye kasi yake ya msimu wa mvua. Kama unataka kujua usindikaji, yaani kunyausha, kusaga, kuchachua na kukausha, fahamu kwamba utauona ukiwa na majani machache.

Ubaya wa shamba kubwa ni kwamba unaweza kuwa mgeni tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Wanafunzi ni wengi, meneja ana shughuli, mnakabidhiwa kwa mnyapara ambaye hajaambiwa awafundishe nini. Mnazungushwa: wiki hii stoo, wiki ijayo kitaluni, inayofuata karakana. Mwisho wa fildi umeona kila kitu na hukuwajibika kwa chochote. Nimewahi kufanya kosa hili kwa vijana niliowapokea mwenyewe, na waliondoka na picha nzuri tu. Sasa nampa kila mmoja eneo lake, hata kama ni robo ekari, na likiharibika tunakaa chini kujua limeharibikaje.

Ukilinganisha na kata, basi: kata inakupa watu na uamuzi, shamba kubwa linakupa vipimo na nidhamu. Kata ina vitu vichache vya kukuonyesha, lakini mkulima anakuuliza wewe moja kwa moja na jibu lako lina uzito. Shamba kubwa lina kila kitu, na usipoomba kazi yako binafsi hakuna atakayekuuliza lolote. Anayetaka kuajiriwa na kampuni ya pembejeo au mradi wa wakulima wadogo, naona kata ni bora hata kama haina jina. Anayetaka uzalishaji, udhibiti wa ubora au soko la nje, aende shambani au kiwandani, lakini aende na ombi la kazi mahususi.

Ghala, sehemu inayosahaulika

Kama ningekuwa mwanafunzi leo, hapa ndipo ningepeleka barua yangu ya kwanza. Julai hadi Septemba ndio wakati mahindi ya Nyanda za Juu Kusini yanapotembea. Makambako ni kanda ya NFRA, wakala wa Serikali wa hifadhi ya chakula, na pembeni yake kuna maghala ya wafanyabiashara binafsi na viwanda vya kusaga. Kazi yote inatokea mbele ya macho yako, msimu ukiwa kileleni.

Utashika bambo, chuma chenye ncha kinachochomwa kwenye gunia, na kutoa sampuli kwenye gunia la juu, la kati na la chini, kwa sababu mtu akitaka kudanganya huweka mahindi mazuri juu. Utapima unyevu: kiwango cha Afrika Mashariki ni usiozidi asilimia 13.5, na utaona jinsi mahindi ya asilimia 15 yanavyoonekana makavu kabisa kwa macho. Utaelewa kwa nini sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka, ina ukomo wa sehemu 10 kwa bilioni, na kwamba huwezi kuiona wala kuinusa. Utajifunza kupanga magunia juu ya vichaga, kufukiza, na kutunza leja inayolingana na mzigo uliopo.

Viwanda vya chakula cha mifugo vinahitaji mtu huyo. Wanaosaga sembe wanamhitaji. Wanaonunua kwa ajili ya nje wanamhitaji. Na waombaji ni wachache, kwa kuwa ghala halina mandhari ya kupigia picha.

Ndugu yake ghala ni chama cha msingi cha ushirika. Mbozi, msimu wa kahawa, mtambo wa pamoja wa kumenya kahawa unafanya kazi mpaka usiku. Matunda mekundu yanatenganishwa na mabichi, yanamenywa siku ileile, yanachachushwa, yanaoshwa, yanaanikwa vichanjani. Mwanafunzi anayejua hesabu atasaidia pia malipo ya wanachama, na hapo ataelewa ushirika kwa undani kuliko mihadhara ya muhula mzima.

Kituo cha utafiti

Nitasema kwa kifupi. TARI Uyole, kituo cha taasisi ya Serikali ya utafiti wa kilimo, ndiko zilikotoka mbegu ambazo wakulima wa kanda hii wanazitaja kwa jina, kama mahindi ya UH6303 na UH615 na maharage ya Njano Uyole. Kwa utafiti wa kahawa kuna kituo cha TaCRI Mbimba, kwa chai kuna kituo cha Ngwazi. Ni sehemu sahihi kwa anayelenga shahada ya uzamili, uzalishaji wa mbegu au kazi ya maabara. Kiangazi majaribio mengi ya mvua yameshavunwa, hivyo utachambua takwimu na kuandaa mbegu. Ukiipenda kazi ya namna hiyo, nenda. Ukienda kwa sababu jina linapendeza kwenye wasifu, utachoka wiki ya tatu.

Kuna faida moja ya ziada. Maonyesho ya Nane Nane ya kanda hufanyika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Taasisi na kampuni nyingi za kanda zinakuwa hapo kwa siku chache mwanzoni mwa Agosti. Popote unapofanyia fildi, omba ruhusa ya siku mbili uende ukasimame kwenye banda la wenyeji wako na kueleza wakulima. Kwenye banda la pili ndiko alikokaa mwajiri wako.

Duka la pembejeo

Wazazi wengi hawapendi kusikia mtoto aliyesomeshwa chuo kikuu anakwenda kukaa dukani. Nawaelewa. Lakini duka lenye wateja wengi linakuletea magonjwa 30 kwa siku, kila moja limefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Unajifunza bidhaa kwa jina la dukani na kwa kiambata hai, yaani kemikali inayofanya kazi ndani yake. Unajifunza kueleza kwa nini mfuko wa Urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni ilhali mfuko kama huo wa mbolea ya CAN ya asilimia 26 ina kilo 13, na kumwacha mama achague kwa pesa aliyonayo. Unajua lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, na unajua dawa isiyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, haipaswi kuwepo rafuni.

Hatari yake ni kujifunza kuuza badala ya kutambua tatizo. Kuna maduka ambapo kila jani lenye madoa linaondoka na chupa ya bei kubwa, na dozi inatajwa kwa vizibo. Ukikaa na mwenye duka wa namna hiyo utaharibika mapema. Mtafute mwenye duka anayewahi kumwambia mteja: hii haihitaji dawa. Na kama una nia ya kujiajiri, hakuna sehemu nyingine hapa itakayokuonyesha mtaji, madeni na bidhaa zinazoisha muda kwa uwazi kama duka.

Barua yenyewe

Popote utakapoamua, tenga nauli, godoro na chakula cha wiki mbili za mwanzo kabla ya kutegemea fedha yoyote ya mafunzo kuingia. Barua ya ghala na ya chama cha msingi ipeleke kabla ya Mei kwisha, maana Juni watu wa huko hawashiki tena karatasi. Ya kata ipitishe halmashauri, lakini nenda pia ukamwone afisa ugani mwenyewe. Na usiandike tu kwamba unaomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Taja kazi.

Mwaka jana binti mmoja wa mwaka wa tatu alituandikia hivi: naomba wiki nne kati ya nane nipime mabomba ya wapuliziaji wenu, nijue kila mmoja anatumia maji kiasi gani kwa ekari. Nilimjibu jioni ileile. Alianza na vibarua sita kwenye viazi vya umwagiliaji, akiwa na ndoo, saa na kamba ya kupimia. Kila mmoja wao alikuwa na namba yake. Dozi zilizoandikwa kwenye ubao wa stoo yetu tulizifuta, na sasa kuna orodha yenye jina la mpuliziaji, mabomba yake kwa ekari, na mililita zake.